Picha ya Kumi na Mbili

Sisi Waswahili wa Stockholm tulimjua Vumilia kwa keki. Usicheke. Harusi, ubatizo, kipaimara, sendofu, hata hafla ya mtu kupata uraia, zote zilipita mbele ya kamera yake. Na kila hafla keki ilipigwa picha kabla ya kukatwa, wakati wa kukatwa na wakati wa kulishana, maana watu wetu ukiwapelekea albamu isiyo na keki watakuuliza kama kweli ulikuwepo. Kazi hiyo aliifanya Jumamosi, kwenye kumbi za Rinkeby. Siku nyingine alihudumia wazee katika nyumba moja ya kulea wazee huko Upplands Väsby, alikokuwa akiishi na mumewe Deusdedit, dereva wa basi.

Lakini moyo wake haukuwa kwenye keki. Vumilia alitaka kupiga picha za mitindo. Alitaka nguo ikae mwilini mwa mtu mpaka anayeitazama asahau alikuwa anakwenda wapi. Miaka mitano alipeleka kazi zake kwa majarida, na miaka mitano alijibiwa kwa ile adabu ya Kiswidi inayokufukuza huku inakushukuru. Mhariri mmoja tu wa picha, Axel, ndiye aliyemwongezea maneno: picha zako nzuri, ila naona sherehe, sioni mitindo, ukipata kitu kingine niletee mwenyewe. Barua pepe hiyo Vumilia aliisoma na kuirudia mpaka Deusdedit akamuuliza kama imetoka kwa hawara.

Basi akatafuta kitu kingine. Na laiti angekitafuta mbali.

Katika nyumba ileile ya wazee, chumba cha nguo, alifanya kazi mwanamke wa Kiganda aitwaye Jamilah, mama wa binti mmoja wa miaka saba, Maya. Kazi yake kufua mashuka na kurudishia vifungo vilivyong'oka. Mrefu, mkimya, shingo imesimama, na kwenye hafla zetu hakukanyaga hata siku moja. Tulisema anaringa. Wazee walipoletewa mablanketi mapya, yale ya zamani ya sufu ya kijivu yakawa ya kutupwa. Jamilah akayaomba, akayabeba mpaka kwake Hallonbergen, akayageuza makoti. Asubuhi moja akaja kazini amevaa mojawapo. Bega limekaa sawasawa, kola imesimama, na ndani bitana ya kitenge chekundu inachungulia kila anapopiga hatua. Vumilia aliacha kahawa yake mezani, akamfuata mpaka chumba cha nguo.

"Mama Maya, hili koti nani kakushonea?"

"Mimi mwenyewe."

"Naomba nikupige picha nalo. Nakuomba sana. Nikizipata picha hizo, mwenzio nimetoka."

Jamilah akafunga mlango kwanza. Akamweleza bila kuzunguka. Baba yake Maya, Wasswa, alimvunja mkono mara mbili walipokuwa wakiishi Malmö. Mahakama ilimkataza asimkaribie yeye wala mtoto, na ofisi ya kodi, ambayo huku ndiyo inayotunza anwani za watu wote, ikaificha anwani yake. Ndiyo maana haji kwenye kumbi. Mwanamume yule ana ndugu na marafiki kila mji, na huu mwaka wa tatu anamtafuta.

"Nguo, piga," akasema. "Mgongo, mikono, sawa. Uso, hapana. Jina langu, hapana. Akijua tu niko mji gani, amenimaliza. Umenisikia, dada?"

"Naapa kwa Mungu," Vumilia akasema, na alimaanisha. Nalisema hilo kwa sababu wapo wanaodai hakumaanisha.

Walipiga Jumapili moja ya Februari, asubuhi, ndani ya stesheni ya treni ya chini ya ardhi ya Hallonbergen. Nje baridi ilikuwa inakata masikio, na tena Vumilia alizitaka kuta za pale, nyeupe, zimechorwa michoro ya kitoto juu mpaka chini. Nani aliyewahi kushuka pale asiyezikumbuka? Koti la kijivu mbele ya michoro ile lilipendeza mpaka Vumilia akawa anaguna peke yake. Jamilah alisimama ameipa kamera mgongo. Vumilia akapiga bega, akapiga mkono mfukoni, akapiga pindo likipeperuka treni ikiingia. Picha kumi na moja, safi kabisa. Ndipo Maya, aliyekuwa anateleza kwa viatu vyake vya theluji sakafuni, akamwita mama yake kwa Kiswidi chake amwangalie, "Mamma, titta på mig!" Mama akageuka kumwangalia mwanawe, akacheka.

Kidole cha Vumilia kikabonyeza.

"Umepiga?" Jamilah akauliza, kicheko kimekatika.

"Bahati mbaya tu. Nitaifuta."

"Ifute sasa."

"Nikifika nyumbani. Betri inakwisha."

Betri ilikuwa imejaa. Nyumbani akaifungua picha ile kwenye kompyuta, akaketi mbele yake mpaka wali ukaungua jikoni. Mwanamke yule amegeuka nusu, koti limefunguka na wekundu wa kitenge umetoka wote, na uso, jamani, uso wa mtu aliyesahau kwa sekunde moja kwamba anawindwa. Deusdedit akaja na mwiko mkononi, akasimama nyuma ya kiti.

"Huyo si alikwambia hataki uso?"

"Sijamwonyesha mtu."

"Kwa hiyo futa."

"Kesho, Deus. Acha niitazame tu."

Wiki mbili baadaye alikuwa ofisini kwa Axel, mtu wa makamo mwenye miwani mikubwa, katikati ya mji. Alimpelekea picha kumi na mbili. Alishajiambia kwamba ile ya mwisho ni ya kuonyesha kiwango chake tu, si ya kutoa. Axel akapitia kumi na moja akitikisa kichwa kwa heshima. Alipofika ya kumi na mbili akavua miwani, akaivaa tena, akamwita mwenzake wa chumba cha pili aje aone.

"Hii," akasema. "Hii naiweka jalada la mbele. Na toleo lijalo nataka kurasa sita zako, umenielewa? Kurasa sita."

Miaka mitano. Vumilia alijua la kujibu. Akafungua mdomo aseme hiyo hapana, chagua nyingine, na mdomo ukasema asante. Axel akamkabidhi fomu ya ridhaa: mwenye uso asaini hapa, aweke tarehe, bila hii hatuchapishi.

Sasa hapa tusimnyooshee kidole haraka, maana ugonjwa huu tunao wote. Sisi tunasainiana. Mwenzako akichelewa zamu, unamsainia. Kifurushi chake kikija, unakichukua na kusaini jina lake. Kwenye kamati zetu za harusi nusu ya mahudhurio imeandikwa na mkono mmoja kwa kalamu moja, na hakuna aliyewahi kuona kosa; tunaona ni undugu. Kumwekea mwenzio fomu mbele yake na kumwambia saini ndilo tusi, kana kwamba humwamini. Kwa hiyo kwenye treni ya kurudi Upplands Väsby, Vumilia aliweka fomu juu ya paja, akajiuliza nani wa kwetu anayenunua jarida la bei ya kilo nzima ya nyama, lililoandikwa Kiswidi cha watu wa sanaa. Nani? Hakuna. Likitoka litakaa mwezi kwenye meza za watu wasiomjua Jamilah, kisha litatupwa. Akaandika jina la Jamilah polepole kwa mwandiko usio wake. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na jambo hilo ndilo linalomtisha mpaka leo.

Jarida likatoka mwishoni mwa Aprili. Siku nne hapakutokea kitu. Siku ya tano Yassir, kijana wetu wa Zanzibar anayesafisha kliniki moja ya meno, akaliona kwenye meza ya wagonjwa, akasoma ndani yake jina la mpiga picha, akapiga kelele mpaka daktari akatoka. Akalipiga picha kwa simu, akaituma kwenye kundi letu la WhatsApp lenye watu mia tatu na kitu: Jamani, mtu wetu kwenye jalada la Wazungu!

Hongera zikamiminika. Wakenya wakaandika, Watanzania wakaandika, Wakongo wakaandika félicitations mara nne nne. Na wewe unatujua tulivyo na furaha yetu, hatukai nayo. Huyu akamtumia dada yake Göteborg, yule akamtumia shemeji yake Oslo, mwingine akaipeleka Nairobi, mwingine Kampala. Mimi mwenyewe, nakiri, niliituma kwa watu kumi na mmoja, nikaongeza na vigelegele. Kwa kila hongera iliyoingia, Vumilia aliona picha inazidi kwenda mbali. Simu ilitetemeka mfukoni mwa sare yake siku nzima, na upande wa pili wa ukuta alimsikia Jamilah akipanga mashuka huku anaimba kidogokidogo. Jamilah hakuwa kwenye kundi lolote.

"Mwambie leo," Deusdedit akasema jioni ile. Hakuwa anatania tena.

"Nitamwambia Ijumaa. Nitafute maneno kwanza."

"Vumi, maneno gani? Mwambie akimbie!"

Alhamisi asubuhi, akiwa anamvisha soksi bibi mmoja wa miaka tisini, ukaingia ujumbe kutoka namba asiyoijua, isiyo na picha. Hongera sana dada yangu, Mungu azidi kukuinua. Huyo mwenye koti ni nani? Tunaomba namba yake atushonee na sisi. Vumilia akairudisha simu mfukoni. Dakika mbili baadaye ukaja mwingine, na huo ulikuwa mfupi. Mwambie Baba Maya anamsalimia.

Soksi ya bibi ikamponyoka. Mtoto hakuwa kwenye picha ile, na jina lake halikuandikwa popote.

Akaenda chumba cha nguo. Hapakuwa na haja ya kutafuta maneno tena, alitoa simu, akaonyesha jalada, akaonyesha ujumbe, akasema, "Nilikusainia mimi." Jamilah aliketi juu ya gunia la mashuka machafu.

"Banange," akasema taratibu, ndiyo jamani ya Kiganda. Kisha akauliza, "Ukuta unaonekana?"

"Unaonekana."

"Basi anajua."

Vumilia akapiga magoti, akaanza kulia, akaanza kusema nisamehe mwenzangu, lakini Jamilah alikwisha kuvaa koti. Alikuwa anahesabu kwa sauti ya chini: treni mpaka mjini, kubadilisha, treni ya bluu, shule inatoka saa nane. "Wapigie polisi," akasema mlangoni. "Mimi namfuata mtoto. Na wewe usinifuate."

Alimfuata. Aliwapigia polisi akiwa anakimbia kwenda stesheni, begi la kamera linampiga kiunoni, kwa sababu siku hiyohiyo alasiri alitakiwa kwa Axel kupanga zile kurasa sita. Alipanda treni ya nyuma ya Jamilah. Polisi wakasema wanatuma gari. Treni yake ilikuwa haijafika nusu ya safari ulipoingia ujumbe wa tatu, na huo ulikuwa na picha: ukuta mweupe, michoro ya kitoto. Nimefika, dada. Pazuri hapa.

Vumilia alimpigia Jamilah, simu ikaita bure. Akapiga tena, bure. Akaandika: Usishuke Hallonbergen. Yuko hapo stesheni. Shuka Näckrosen, chukua teksi mpaka shuleni. Akangoja alama zile mbili zigeuke bluu, akangoja, midomo yake inasali yenyewe. Zikageuka. Akawapigia polisi tena, akawatajia stesheni. Halafu akafanya kitu ambacho hata yeye hajui alikipata wapi. Akamwandikia yule mwanamume: Kaka, usiondoke hapo. Nakuja tuongee.

Jibu likaja palepale. Karibu sana.

Alimkuta chini ya ngazi za umeme. Alikuwa mtu mfupi, msafi, sweta ya bluu, ndevu zimechongwa vizuri, na sauti ya upole ya mtu anayeongoza maombi. Akampokea kwa mikono miwili.

"Pole na safari, dada. Wewe ndiye umenisaidia. Polisi wamenifungia milango, ofisi zimenifungia, ndugu zake wamenitukana. Miaka mitatu! Wewe kwa picha moja tu." Akacheka kwa furaha kabisa. "Mwanangu hajambo?"

"Sijui," Vumilia akasema.

"Utajua tu. Ngoja, una kamera? Basi nipige na mimi. Hapahapa aliposimama. Halafu uiweke palepale mlipoweka ya kwake, ili aione, ajue nimefika."

Watu walipita na mifuko yao ya dukani. Mama mmoja alikuwa anasukuma kigari cha mtoto. Vumilia akatoa kamera, akafungua lenzi. Akamwambia asogee kulia kidogo. Akamwambia anyanyue kidevu. Akamwambia mwanga haujakaa vizuri, turudie. Sweta imejikunja begani, ngoja nikuwekee. Na akamgusa kwa mkono wake, akamnyoosha begani, kama alivyomnyoosha mke wake Februari. Alipiga picha arobaini. Na Wasswa alizipenda, alikuwa anageuka mwenyewe, anauliza, "Hivi? Au hivi?" Kwenye picha ya thelathini akasema bila kubadili sauti, "Unanichelewesha, eti?"

"Ndiyo," akasema Vumilia, kwa kuwa hakuwa na uongo mwingine.

Wasswa akatabasamu. "Haina neno. Nimeshajua mtaa. Mimi ni mvumilivu."

Polisi wawili wakashuka kwa ngazi. Wasswa akawasalimia kwa Kiswidi kizuri kuliko cha Vumilia, akasema huyu ni mpiga picha wangu, muulizeni. Wakachukua kamera. Zile picha arobaini, uso wake, ukuta ule, saa na tarehe, ndizo zilizomtia hatiani kwa kuvunja amri ya mahakama. Kituoni askari wa kike akamwonyesha Vumilia nakala ya fomu ya ridhaa, akamuuliza saini hii ni ya nani. Vumilia akasema ni yangu. Axel akampigia kesho yake, hakupandisha sauti. Alisema kurasa sita hazipo tena, na kwamba ingekuwa vizuri asimtumie kazi yoyote siku zijazo. Habari ile ikaenea ofisi kwa ofisi, kama zilivyoenea hongera zetu.

Jamilah na Maya walishahamishwa jioni ya siku ileile. Wapi, hakuna aliyeambiwa. Viatu vya theluji vya mtoto vilibaki nje ya mlango wao wa Hallonbergen mpaka mwenye jengo akavitoa. Na Vumilia, masikini, akafanya kosa jingine, nalo ni letu pia. Kwetu msamaha huombi peke yako, unatafuta watu wazima wakusindikize. Akamwendea Mama Veneranda, akamwendea mzee Samwiri wa Waganda, akawaomba wamtafute Jamilah popote alipo, wamwambie anataka kuja kumwangukia. Wazee wakaanza kuulizia. Huku Rinkeby, kule Uppsala, kule Västerås: mwenye habari za Jamilah ni nani?

Wasswa alikaa ndani wiki chache, akatoka. Tangu hapo kila Ijumaa saa sita mchana ujumbe unaingia. Habari za siku nyingi, dada. Wetu wako wapi? Hatukani, hatishii. Akifungiwa namba, anakuja na nyingine. Vumilia anaupeleka kila ujumbe polisi, wanamshukuru, wanamwambia autunze.

Alhamisi moja ya Septemba, akiwa nyumbani anamenya viazi, simu ikaita, namba imefichwa.

"Waambie wazee wako waache," ilikuwa sauti ya Jamilah. Vumilia akakamata ukingo wa meza. "Unanitafutia msamaha kwa watu? Kila mlango wanaobisha wanaacha jina langu. Unataka kuniua mara ya pili?"

"Hapana, hapana, Mama Maya, nitawaambia leo hii..."

"Maya anaulizia viatu vyake. Nimempa vingine. Haongei Kiswahili tena kabisa, nimemkataza, watu wasije kumtambua." Sauti ikapungua ukali, ikachoka tu. "Vumilia. Sema ulichotaka kusema. Nakusikiliza, mara hii moja."

Miezi mitano Vumilia alikuwa amelala na kuamka na neno hilo. Akavuta pumzi alitoe. Na nyuma ya Jamilah, waziwazi, kipaza sauti cha stesheni kikatangaza kwa Kiswidi treni iliyochelewa, kikataja jina la mji, kikalirudia. Mji wenyewe sikuambiwa, na wewe usiniulize.

"Nimesikia!" Vumilia akapiga kelele. "Kata simu! Nimesikia mahali, kata!" Na hakungoja Jamilah akate. Alibonyeza yeye, akaitupa simu kwenye maji ya viazi, kisha akaiokoa, akaikausha kwa kanga, akiomba isiwake.

Deusdedit akaingia kutoka zamu, akauliza nani alikuwa anapiga.

"Mtu amekosea namba," akasema.

Kesho yake saa sita simu iliwaka. Habari za siku nyingi, dada. Wetu wako wapi? Vumilia alikuwa kazini, ameketi peke yake kwenye chumba cha nguo, juu ya gunia la mashuka. Alifunika mdomo kwa viganja vyote viwili akakaa hivyo mpaka mapumziko yakaisha, kwa sababu safari hii jibu alikuwa nalo.